Methodi ya mistari 240: naomba ushauri wa kuikata bila kuharibu hesabu ya VAT

mjenzi_java
Wakuu, habari za kazi. Kuna methodi ya Java, kamilishaOda(), kwenye mfumo wa Spring (fremuweki ya Java). Inakagua oda, inapiga hesabu ya punguzo na VAT ya 18%, inahifadhi kwenye hifadhidata, kisha inamtumia mteja SMS. If zimeingiana hadi ngazi 5. Nikijaribu kuchomoa sehemu ya hesabu, methodi mpya inadai vigezo 7 (thamani za kupokea). Majaribio hakuna hata moja. Nianzie wapi?

fundi_mchundo
Mkuu, usiguse mstari wowote kabla ya majaribio. Chukua oda 10 hadi 15 za aina tofauti: yenye punguzo, isiyo nalo, isiyo na bidhaa, iliyoghairiwa. Ziendeshe, kisha andika majibu yake kama yalivyo kuwa ndiyo yanayotarajiwa. Hata jibu linaloonekana na makosa liache kwanza. Hapa unalinda tabia iliyopo, kusahihisha kuna siku yake na komiti yake (rekodi ya mabadiliko kwenye Git).

VAT ndiyo itakayokuumiza. Chukua bidhaa 3 za shilingi 1,253 kila moja. 18% ya moja ni 225.54. Ukikadiria kwa shilingi nzima kila bidhaa unapata 226, mara 3 ni 678. Ukijumlisha kwanza unapata 676.62, yaani 677. Ankara imepungua shilingi moja na msimbo unapendeza macho! Kwa hiyo ukihamisha hesabu, mahali pa kukadiria pasihame.

nahodha_wa_pwani
Naongezea kwa fundi. Anza na if: pindua sharti, oda isiyofaa irejeshwe mapema, ngazi zitapungua zenyewe. Ila kagua kama baada ya mabano ya mwisho kuna mstari unaotekelezwa kwa oda zote, mfano kuandika kumbukumbu. Ukirejea mapema, mstari huo haufikiwi tena, na hakuna kosa litakalojitokeza kukuambia.

Vigezo 7 mara nyingi vinatokana na vigeu vilivyotangazwa juu kabisa na kutumika mistari 100 chini. Sogeza kila tangazo hadi pale kigeu kinapotumika mara ya kwanza. Kinachoweza kupatikana kutoka kwenye oda yenyewe kigeuze methodi: oda.jumlaNdogo(). Vikibaki jumla, punguzo na vat vinavyotembea pamoja, vifunge kwenye record moja (klasi fupi ya kubeba data tu), HesabuYaOda (Java 16 kwenda juu). Hiyo inatatua pia tatizo la kurudisha thamani tatu kwa mkupuo.

Lupu inayofanya mambo matatu ndiyo inayokataa kuchomoka, hasa ikiwa na break (amri ya kuikatisha) ndani. Igawe kwanza iwe lupu tatu. Usihofie kasi, oda ya bidhaa 20 haitaona tofauti.

Kwenye IntelliJ IDEA chagua mistari, bonyeza Ctrl+Alt+M iwe methodi mpya. Endesha majaribio, fanya komiti, nenda kipande kinachofuata. Maoni ya aina ya "hapa tunahesabu punguzo" yanakuonyesha pa kukata na jina la kutumia.

mjenzi_java
Asanteni sana. Methodi kubwa ina @Transactional, alama ya kuiambia Spring iendeshe kazi yote ya hifadhidata kama muamala mmoja: yote ihifadhiwe au yote ifutwe. Je, niihamishie kwenye methodi mpya ya hifadhiOda()? Na nikate mpaka mistari mingapi?

fundi_mchundo
Usiihamishe ndani ya klasi hiyohiyo. Spring husimamia muamala kupitia proksi, yaani kitu cha kati kinachokaa nje ya klasi na kupokea miito kwa niaba yake. KamilishaOda() ikiita hifadhiOda() ya nyumbani kwake, mwito haupiti kwenye proksi na muamala haufunguki. Iache juu ilipo, au peleka hifadhiOda() kwenye klasi nyingine, iwe public.

SMS ina shida yake: sasa hivi inatumwa kabla muamala haujakamilika. Hifadhidata ikikataa mwishoni, mteja ameshapata ujumbe wa oda ambayo haipo. Itume kupitia methodi yenye @TransactionalEventListener, ambayo kwa kawaida husubiri muamala ukamilike. Hayo ni mabadiliko ya tabia, yapewe komiti yake peke yake.

nahodha_wa_pwani
Kuhusu mistari: Checkstyle (zana ya kukagua mtindo wa msimbo wa Java) isipobadilishwa mipangilio hulalamika methodi ikipita 150, lakini hicho ni kikomo cha juu tu. Soma jina la methodi. Likihitaji neno "na", mfano hesabuVatNaKuhifadhi, bado kuna pa kukata. Ukilazimika kufungua mwili wake kila mara ili uelewe methodi inayoiita, umekata kupita kiasi. Irudishe kwa Ctrl+Alt+N.