Naomba ushauri: mama anataka niache dawa
Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Nina baipola, ugonjwa wa akili unaofanya hisia zipande au zishuke kupita kiasi. Mwaka 2021 nililazwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili Dodoma, baada ya siku nne bila usingizi, naongea mfululizo, nimegawa hadi vitambaa vya wateja. Sasa natumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia hizo, napima damu kila miezi mitatu kuangalia kiwango chake, saa tatu usiku nimeshalala. Nimerudi kwenye cherehani. Wiki hii nimemaliza sare sita za shule! Mikono bado inatetemeka kidogo, ila mshono umenyooka.

Shida ni mama. Ndiye aliyeniuguza, nampenda mno. Anaona nimepona, anataka niache dawa. Niliwahi kuacha, nikaugua tena. Mliopitia haya, nimwelezeje bila kumvunja moyo? Niende naye kliniki amsikie daktari mwenyewe?