Moto umeunguza ghorofa mbili za juu: tujenge upya au tugawane fidia?

Katibu wa Jengo, Upanga
Ndugu zangu, habari za leo. Jengo letu lina ghorofa nne na wamiliki kumi na wawili, kila mmoja akiwa na hati ya sehemu yake. Mwezi uliopita moto ulioanzia kwenye nyaya za umeme karibu na ngazi uliunguza ghorofa mbili za juu pamoja na paa. Umoja wa wamiliki ulikuwa umelikatia jengo zima bima ya shilingi milioni 600. Hasara imekadiriwa kuwa milioni 150, lakini kampuni ya bima imekubali kulipa milioni 100 tu kwa madai kwamba bima yetu ilikuwa pungufu. Wenzetu wa chini, ambao nyumba zao zililowa maji ya zimamoto tu, wanataka fedha zigawanywe sawa kwa sawa na kila mtu ajitengenezee kwake. Je, hilo linafaa? Na hizo milioni 50 zimekwenda wapi?

Mkadiriaji Mstaafu
Pole sana, Katibu. Mikataba mingi ya bima ya moto ina sharti la uwiano: ikiwa kulijenga jengo lenu upya leo kungegharimu milioni 900, nanyi mmelikatia milioni 600, basi theluthi moja ya kila hasara mmejibebea wenyewe, hata hasara iwe ndogo namna gani. Theluthi mbili za milioni 150 ndizo hizo milioni 100. Cha kubishania ni thamani ya jengo waliyoitumia. Ombeni mchanganuo wao kwa maandishi, kisha mtafute mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa awafanyie hesabu yenu, na muwe macho asitumie bei ya soko, kwa sababu bei ya nyumba Upanga imebeba thamani ya kiwanja, na kiwanja hakiungui. Mkishindwa kuelewana, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kugawana msithubutu. Bima ilikatwa na umoja kwa ajili ya jengo zima, na paa, nguzo na ngazi ni za wote. Aliye chini huona paa halimhusu mpaka masika yaanze. Ulizaneni pia ni nani kati yenu ameweka nyumba yake dhamana benki, maana huenda benki ina haki juu ya sehemu ya fidia hiyo.

Mhandisi wa Miundo
Naongeza jambo moja. Zege lililopashwa moto kupita nyuzi 300 za Selsiasi mara nyingi hugeuka rangi ya waridi, na nondo zikifika nyuzi 600 hivi hubaki na takriban nusu ya nguvu zake. Fundi asipige lipu juu ya nguzo yoyote kabla mhandisi aliyesajiliwa hajazipima. Nguzo zikikutwa zimedhoofika, hiyo milioni 150 itapanda, na mkiwa mmekwisha kusaini hati ya kumaliza madai itakuwa vigumu kurudi mezani.

Katibu wa Jengo, Upanga
Ahsanteni sana. Hati hiyo tuliletewa jana na bado haijasainiwa. Pengo litakalobaki tulichangie vipi?

Mkadiriaji Mstaafu
Someni kanuni za umoja wenu kwanza. Kwa kawaida kila mmiliki huchangia kwa kadiri ya hisa ya sehemu yake, si sawa kwa sawa. Na muulize kama makadirio hayo yamejumuisha kubomoa na kuondoa kifusi, kwa sababu mara nyingi husahauliwa.