Mjadala: Mafumbo kabla ya uzinduzi wa kishikwambi, nani anafaidika?

Mleta mada

Wakuu, naomba hili tulijadili bila ushabiki wa kampuni. Kila kishikwambi kipya kinapokaribia kutangazwa, mambo huwa ni yaleyale. Kampuni inatoa mwaliko wa mstari mmoja wenye fumbo. Waandishi wa teknolojia wanaudaka na kuufumbua neno kwa neno. Tetesi zinazaa tetesi, watu wanatunga majina na kupanga bei, na siku yenyewe ikifika kila mmoja ana kishikwambi chake kichwani. Swali ni hili: mchezo huu ni burudani isiyo na madhara, au ni namna ya kutuuzia kitu kabla hatujakiona?

Mimi nasema ni biashara, tena biashara ambayo mnunuzi ndiye anayeigharamia. Fumbo halina saini. Kampuni ikiahidi jambo waziwazi isilitimize, unaweza kuishika kwa maneno yake. Ikitega fumbo, ahadi unajiwekea mwenyewe, na siku ukikuta sivyo huna wa kumlaumu. Yenyewe imeshavuna msisimko wote.

Angalieni Januari 2010. Apple ilikuwa haijatamka hadharani kwamba inatengeneza kishikwambi. Mwaliko wake, uliojaa madoa ya rangi, ulisema tu njooni muone kazi yetu mpya kabisa. Lakini watu walikuwa wameshakipa kifaa majina kabla hakijazaliwa: wapo walioapa kitaitwa iSlate, wapo waliosema iTablet. Tovuti ya Valleywag ilitangaza zawadi ya hadi dola 100,000 kwa atakayewaletea wakichezee saa moja, hadi mawakili wa Apple wakawaandikia barua kuwataka waache. Gazeti la Wall Street Journal likatania kwamba mara ya mwisho watu kuchangamkia kitu cha aina hii, kilikuwa kimeandikwa amri juu yake, maana kwa Kiingereza kishikwambi na zile mbao za mawe za Musa huitwa kwa neno moja, tablet. Tarehe 27 Januari, Steve Jobs, mkuu wa Apple, alipopanda jukwaani San Francisco kukizindua kifaa chenyewe, iPad, aliuonyesha utani huo kwenye skrini. Wiki hiyohiyo jarida la The Economist likamchora jaladani kama mtakatifu, kwa kichwa cha habari kilichochezea jina lake na Kitabu cha Ayubu, maana Ayubu kwa Kiingereza ni Job. Hayo yote yalikuwa matangazo, na Apple haikuyalipia hata senti.

Jambo ambalo nataka tulitazame kwa karibu zaidi ni bei. Kabla ya siku hiyo wachambuzi walikuwa wakitaja kiasi cha karibu dola 1,000. Apple haikuwahi kutangaza bei hiyo, wala haikuikanusha. Jobs alipofika kwenye bei akaiweka 999 kubwa kwenye skrini nyuma yake, akawaeleza watu kwamba hivyo ndivyo wachambuzi wanavyosema, akaiacha hapo kwa muda. Kisha 499 ikashuka kutoka juu, ikaiangukia 999 na kuivunja vipande. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Sasa niambieni, walikuwa wanashangilia nini? Punguzo la dola 500 kutoka kwenye bei ambayo haijawahi kuwepo! Tetesi zetu wenyewe ndizo zilizofanya dola 499 ionekane zawadi. Kama kusingekuwa na uvumi wowote, swali la watu ukumbini lingekuwa jingine kabisa: dola 499 kwa kifaa kisicho na kamera na kisichofungua video za Flash, ambazo wakati huo zilijaa kila tovuti, ni ghali au rahisi? Swali hilo lilikuja baadaye, makofi yakiwa yameshapigwa.

Njooni 2012, maana ndipo mchezo ulipowaumiza watu waziwazi. Mwaliko wa Apple wa Machi ulisema kuna kitu ambacho ni lazima mkione, na mkiguse. Picha yake ilionyesha kidole juu ya alama ya kalenda. Watu wakaikuza ile picha, wakahesabu nukta zake, wakatangaza kwamba skrini itakuwa kali kuliko zote. Hapo walipatia, skrini ilikuja na nukta 2048 kwa 1536. Lakini hawakuona kitufe cha chini kwenye picha, basi zikaandikwa habari nyingi kwamba kitufe kimeondolewa. Kifaa kikaja na kitufe chake mahali palepale. Jina nalo walishalipanga, iPad 3 au iPad HD. Jukwaani kikaitwa iPad mpya, basi.

Oktoba mwaka huohuo ukaja mwaliko mwingine: tuna kidogo zaidi cha kuwaonyesha. Kila mtu alilishika hilo neno 'kidogo', na kweli tarehe 23 San Jose ikatoka iPad mini ya inchi 7.9. Wafumbuaji wakafurahi. Ila fumbo lile lilikuwa limeelekeza macho ya watu upande mmoja tu. Jukwaa lilelile, siku ileile, ikatangazwa iPad kubwa ya kizazi cha nne, yenye prosesa ya kasi zaidi na tundu jipya la chaji, kwa bei ileile ya kuanzia dola 499. Ile ya Machi ikaondolewa sokoni baada ya miezi saba. Aliyekuwa amenunua wiki moja kabla, akijua kinachokuja ni kidogo na yeye anataka kikubwa, alibaki na kifaa cha zamani na waya wa zamani. Huyu hakuambiwa uongo. Alipewa fumbo la kweli lililomfanya asitazame kule kulikomhusu.

Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, naheshimu hoja zako ila naomba nitofautiane na wewe. Unawafanya wanunuzi waonekane kama watoto. Fumbo linavuta watu waje kutazama, kununua ni habari nyingine, na ushahidi upo.

Februari 2011 kampuni ya HP ilialika watu kwa maneno ya kuwaza makubwa, kuwaza madogo na kuwaza zaidi. Fumbo zuri, kwa sababu kila neno lilikuwa na maana yake: kubwa ni kishikwambi cha TouchPad, dogo ni simu ndogo sana iliyoitwa Veer. Watu walilifumbua, wakasubiri, wakaandika kurasa na kurasa. TouchPad ikaingia sokoni tarehe 1 Julai, nayo pia ikianzia dola 499. Tarehe 18 Agosti HP ikatangaza kuacha kuitengeneza. Siku 49 tu! Unajua lini watu walikipigania kile kifaa? Bei iliposhushwa hadi dola 99. Kilichowaleta ni bei, fumbo lilikuwa limeshasahaulika.

Mfano wa pili ni Microsoft, Juni 2012. Waandishi waliambiwa waende Los Angeles na kwamba tangazo ni kubwa, mahali penyewe hawakutajiwa hadi siku yenyewe. Siri ya namna hiyo haikuwa kawaida kwa kampuni ile. Kikatoka kishikwambi cha Surface. Mwaka uliofuata, Julai 2013, ikabidi waandike hasara ya dola milioni 900 kwa ajili ya Surface RT, toleo la kwanza la kishikwambi hicho, zilizokosa wanunuzi. Kama mafumbo na siri vingekuwa na nguvu unayoisema, hasara hiyo ingetoka wapi?

Mchangiaji wa pili

Mimi naongezea upande wa kampuni, maana hapa tunaisahau. Kampuni ikisema mapema kinachokuja, kilichopo dukani kinadoda. Watu wa sekta hii wanaikumbuka Osborne, waliotengeneza kompyuta ya kubebeka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Adam Osborne alianza kuzungumzia kompyuta zijazo wakati ile ya kwanza bado inauzwa, na kampuni ikafilisika Septemba 1983. Wapo wanaosema kulikuwa na sababu nyingine pia, na nakubali, lakini somo hilo kila mkurugenzi wa mauzo analijua. Sasa mleta mada anataka Apple iwaambie watu Septemba 2012 kwamba msinunue iPad, nyingine inakuja mwezi ujao? Wafanyakazi wa maduka wangekula nini mwezi huo?

Mchangiaji wa tatu

Mnaongea kana kwamba maneno yanachezewa na kampuni peke yake. Januari 2010, saa chache baada ya jina iPad kutajwa, wanawake mtandaoni walikuwa wameshaligeuza, kwa sababu kwa Kiingereza neno hilo ndilo pia la pedi za hedhi. Neno iTampon lilipanda chati za Twitter siku hiyohiyo. Na si jambo lililokuwa limejificha, kipindi cha vichekesho cha MADtv kilishafanya utani huohuo miaka kadhaa kabla ya kifaa kuwepo. Kwangu mimi huo ulikuwa ukosoaji wa haki: ni nani alikaa kwenye chumba walipochagua jina, na kwa nini hakuna aliyesikia ambacho nusu ya wateja walikisikia papo hapo? Umma una sauti yake katika mchezo huu, mleta mada asiipuuze.

Mleta mada

Nashukuru kwa michango. Nijibu mmoja mmoja.

Dada wa tatu, ukosoaji ule ulikuwa wa haki na naukubali wote. Ila tazama ulikwenda wapi. Kifaa kiliingia dukani Marekani tarehe 3 Aprili, zikauzwa zaidi ya 300,000 siku ya kwanza na milioni moja ndani ya siku 28. Jina halikuguswa. Kampuni inapochezea maneno inalipwa. Umma unapochezea, kampuni inatajwa mara nyingi zaidi, kwa hiyo inalipwa tena. Sauti tunayo, lakini mizani haiko sawa.

Ndugu wa kwanza, umejibu hoja ambayo sikuitoa. Sikusema fumbo linauza kifaa kibovu. Nimesema linamhamishia mnunuzi mzigo wa kubahatisha. TouchPad ni ushahidi wangu mimi pia: wapo waliolipa dola 499 mwezi Julai, wakakiona kifaa kilekile kikiuzwa kwa dola 99 mwezi Agosti. Na Surface ndiyo kabisa. Juni ilitangazwa kwa kishindo bila bei ya ile ya RT. Bei ikatajwa katikati ya Oktoba, siku kumi hivi kabla ya kuuzwa. Karibu miezi minne watu wameachwa wajaze wenyewe nafasi ya bei! Wengi wakaijaza kwa matumaini ya kitu rahisi, kisha ikaja dola 499 bila kibodi. Huoni kwamba ni kilekile cha 999, ila safari hii tetesi ziliielemea kampuni badala ya kuibeba?

Ndugu wa pili ndiye aliyenifikirisha zaidi. Siri siipingi. Kampuni ina haki ya kukaa kimya, na hofu ya yaliyomkuta Osborne ni halali. Lakini kimya na fumbo ni vitu viwili. Mwaliko unaweza kuandikwa tarehe, saa na mahali, ukaishia hapo. Anayeongeza neno 'kidogo' ameamua kusema, na akishasema nusu, nina haki ya kumuuliza kuhusu nusu aliyoificha. Na lawama kubwa kuliko zote naiweka kwa waandishi. Neno 'inatarajiwa' limekuwa kichaka cha kujifichia. Inatarajiwa na nani? Aliyeona kifaa, au aliyekuza picha ya mwaliko? Habari ya kitufe ilichapishwa kwa uzito uleule wa habari ya skrini, msomaji hakupewa njia yoyote ya kuzitofautisha.

Mchangiaji wa pili

Hapo kwa waandishi niko na wewe asilimia mia. Kwa kampuni bado. Mnunuzi makini haangalii mwaliko, anaangalia kalenda. iPad zilitoka majira yale yale, Aprili 2010, Machi 2011, Machi 2012. Ukinunua Februari unajua unajitakia.

Mleta mada

Kalenda hiyohiyo ndiyo iliyovunjwa Oktoba 2012, ndugu yangu. Aliyenunua wiki ile alikuwa ameifuata kama unavyomshauri, alijua ana miezi mitano mbele yake. Basi niambie wewe unayeitetea kampuni: huyo mnunuzi, mwenye risiti ya wiki moja, anastahili kubadilishiwa kifaa au hastahili? Wengine pia mnakaribishwa kujibu hilo.