Naomba ushauri: vitu visilowe kwenye mtumbwi bila kutumia hela nyingi

Wakuu habari za saa hizi. Mimi na washkaji tunataka kupiga kasia kutoka Kibirizi hapa Kigoma mpaka Mtanga, huko karibu na Gombe, tukilala kwa wenyeji njiani. Wanaolijua Tanganyika wanajua upepo ukianza mawimbi yanarukia ndani, na chini ya mtumbwi maji hayaishagi hata ukae na kopo unakumba tu.

Sasa yale mabegi ya mpira ya kuzuia maji bei zake hapana aisee. Nimewaza ndoo za rangi za lita 20 zenye mfuniko wa kubana, unga na nguo zinakaa humo freshi, ila mfuniko ukishafunguliwa mara nyingi sijui kama bado unabana. Mifuko ya plastiki ya dukani ndo ilipigwa marufuku tangu 2019, so hiyo sahau. Kuna mtu ashawahi kutumia tyubu ya gari, unakata unafunga huku na huku? Blanketi je, inatosha kuzungushia turubai? Na simu mnawekaga wapi, maana nataka kupiga picha tukiwa majini na sio kuifukia kwenye ndoo safari nzima.