Sheria ndogo ya kuzuia makundi ya vijana kukaa karibu na shule: inawezekana hapa Mtwara?

Mzazi, Chikongola

Ndugu zangu wa Kusini, salamu. Binti yangu anasoma kidato cha pili katika shule ya sekondari ya kata hapa Mtwara mjini. Tangu muhula huu uanze, kuna kundi la vijana linalokaa pale njia ya miguu ya wanafunzi inapokutana na barabara, asubuhi kabla ya namba na tena alasiri watoto wanapotoka. Wanawapora nauli na fedha za chakula, wanavuta bangi mbele yao, na wanawafuata wasichana hadi karibu na nyumbani. Wamejipa jina la kundi na wameliandika ukutani.

Katika mkutano wa mtaa, wazazi tumekubaliana kumwomba diwani apeleke kwenye Baraza la Madiwani pendekezo la sheria ndogo ya kuwapiga marufuku "wahuni na wanachama wa makundi" kukaa ndani ya mita 200 kutoka shule yoyote, na kuwapa mgambo mamlaka ya kuwakamata. Mwenyekiti wa mtaa anataka tumpelekee maneno ya sheria hiyo yakiwa yameandikwa. Je, sheria ya namna hiyo inaweza kusimama, na itawalinda watoto wetu kweli?

Mwanasheria, Lindi

Mzazi mwenzangu, pole sana. Halmashauri ya manispaa inayo mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Na. 8 ya mwaka 1982. Rasimu itangazwe ili wananchi watoe maoni na mapingamizi, ipitishwe na madiwani, ipate kibali cha waziri, kisha itangazwe katika Gazeti la Serikali. Ugumu hauko kwenye mamlaka, uko kwenye maneno "wahuni na wanachama wa makundi".

Mji wa Chicago, Marekani, ulijaribu jambo hili hili mwaka 1992. Sheria yao ilimruhusu polisi, akiona watu wamesimama mahali pamoja "bila kusudi linaloonekana" na akiamini kwa sababu za msingi kwamba mmoja wao ni mwanachama wa genge, kuwaamuru wote watawanyike, na asiyetii akamatwe. Katika miaka mitatu zilitolewa amri zaidi ya 89,000 na wakakamatwa watu zaidi ya 42,000. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliibatilisha, kwa kuwa raia hakuweza kujua kosa ni lipi kabla ya kuamriwa kuondoka, na polisi aliachiwa aamue mwenyewe nani ana kusudi na nani hana. Mwaka uliofuata mji ukaiandika upya, ikaelekezwa kwenye maeneo yaliyotajwa mapema na kwenye ukaaji unaolenga kulitawala eneo au kuficha uhalifu.

Huku kwetu, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 176 na cha 177, tayari ina makosa ya uzembe na uzururaji tuliyoyarithi kutoka kwa wakoloni. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, ilitoa maoni ya ushauri tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji za aina hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Maoni ya ushauri hayana nguvu ya hukumu, lakini halmashauri inayotunga leo sheria yenye kasoro ile ile itakuwa inajenga juu ya mchanga.

Ushauri wangu ni kwamba muandike tendo, msiandike aina ya mtu. Kumpora mwanafunzi ni kosa kubwa tayari, kuvuta bangi ni kosa, na kuingia eneo la shule kwa nia ya kutisha au kuudhi ni jinai chini ya kifungu cha 299.

Kiongozi wa kituo cha bodaboda, Mtwara

Kituo chetu kiko hatua chache kutoka lango la shule. Maneno "wahuni" yakipita, sisi ndio tutakaokamatwa kwanza, na baada yetu vijana wanaosubiri kibarua cha kupakia korosho msimu ukianza. Wakazi wa mji huu hatujasahau jinsi watu wengi walivyokamatwa mwaka 2013 wakati wa mgogoro wa bomba la gesi. Sipingi watoto kulindwa, kwa sababu na mimi nina watoto, na madereva wetu wako tayari kuandikishwa shuleni kwa majina na kuvaa vizibao vyenye namba. Ninachopinga ni mgambo kupewa neno lisilo na mipaka.

Mwalimu wa malezi, Mikindani

Namheshimu mwanasheria, ila naomba tuliangalie jambo hili kutoka upande wa mtoto. Kuthibitisha tendo kunahitaji shahidi, na mwanafunzi wa miaka 14 anayejua kwamba kesho atapita njia ile ile hatatoa ushahidi. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, nami naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, lakini inaanza kazi wakati msichana ameshaumia. Tunahitaji kitu kinachotangulia madhara.

Jambo jingine ni kwamba baadhi ya hao wanaoitwa kundi ni watoto walioacha shule mwaka jana au juzi. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mgambo akimkamata hana pa kumpeleka isipokuwa Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi na kwa afisa ustawi wa jamii. Hilo liandikwe wazi ndani ya sheria yenu, lisiachwe kwenye busara ya mkamataji.

Mwanasheria, Lindi

Mwalimu, hoja yako ina uzito na inaweza kuandikwa. Sheria itaje njia zilizochorwa kwenye ramani ya kata na saa za wanafunzi kwenda na kurudi, siku za masomo tu. Kosa liwe kumzuia, kumfuata au kumdai fedha mwanafunzi. Mkuu wa shule au mzazi apeleke malalamiko ili mtoto asisimame peke yake, kisha mtendaji wa kata ampe mlalamikiwa nafasi ya kujieleza, na akiridhika ampe onyo la maandishi. Atakayerudi kwenye njia hizo ndani ya saa hizo baada ya onyo, bila sababu kama makazi, kazi au kumleta mtoto, awe amevunja sheria kwa kurudi kwake, na shahidi awe mtendaji.

Mzazi, Chikongola

Nawashukuru nyote. Nitaondoa neno "wahuni" na mita 200, niweke njia, saa, onyo la mtendaji na kifungu cha walio chini ya miaka 18. Mwalimu, ninakuomba uwaulize wanafunzi wako wenyewe ni njia zipi wanazoziogopa, kwa sababu sisi wazazi tunaijua hiyo moja tu, na ramani inatakiwa kwa mtendaji kabla ya kikao kijacho cha Kamati ya Maendeleo ya Kata.