Mashine ya juisi inatetemeka, wavu hautakati na plastiki imegeuka rangi: bado inafaa?

karoti_nne

Habari zenu wakuu. Nina mashine ya umeme ya kukamulia juisi, ile yenye kikapu kinachozunguka kwa kasi, siyo blenda. Huu ni mwaka wa pili ninayo. Mwanzoni ilinifurahisha sana: karoti nne, tufaha moja, kipande cha tangawizi, na kabla maji ya chai hayajachemka glasi imeshajaa.

Miezi ya karibuni imebadilika. Inatetemeka mpaka inasogea yenyewe juu ya meza. Juisi imepungua, halafu makapi yanatoka yamelowa, nikiyafinya mkononi yanachuruzika. Pia ina harufu. Siyo ya kuungua, ni ya kuchacha, hata kama nimetoka kuiosha sasa hivi.

Kinachonichosha zaidi ni kuosha. Asubuhi nakamua, tunakunywa, natoka kwenda kazini, vyombo vinanisubiri hadi jioni. Nikirudi ule wavu umekauka kama umepakwa gundi. Naloweka, nasugua kwa sponji, kwa macho unaonekana umetakata lakini moyo unaniambia bado. Juzi nilishika zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, nikasita. Na plastiki yote imekuwa rangi ya chungwa, sabuni haiondoi kitu.

Watu wawili wamenishauri niitupe. Sitaki. Mama yangu meno yanamsumbua, karoti hawezi tena kuitafuna, na juisi hii ya asubuhi ameizoea na anaipenda. Nataka kujua kama tatizo ni mashine au ni mimi ninavyoitunza. Asanteni.

jiko_la_kila_siku

Mdogo wangu, usiitupe, na hizo nyuzi za chuma zirudishe kwenye sufuria. Wavu wa mashine ya juisi ni mwembamba sana, ukiukwaruza unaanza kukatika.

Fanya hivi kwanza. Chukua huo wavu uliouosha, nenda nao dirishani mchana, uinue usawa wa macho utazame mwanga kupitia humo. Tundu lililo wazi utaliona kama nukta ya nuru, lililoziba litabaki jeusi. Mimi nilikuwa nimeuosha wangu, nimeufuta, nimeridhika kabisa. Nilipouinua dirishani, sehemu ya chini ilikuwa imejaa nukta za nuru, lakini huku juu, chini ya ukingo, kulikuwa na mkanda mweusi unaozunguka wavu wote, upana wa vidole viwili. Hapakupita mwanga hata kidogo. Nilisimama pale nikiugeuza geuza nisiamini, maana kwa kuutazama tu juani haukuwa na uchafu wowote.

Ndipo nikaelewa kwa nini makapi yangu yalikuwa yanalowa. Yale meno ya chini yanaisaga karoti, kikapu kinazunguka kwa kasi, juisi inarushwa nje kupitia matundu, makapi yanapanda ukutani na kutupwa juu ya ukingo. Matundu yakiziba, juisi haina pa kupita, inapanda pamoja na makapi na kuishia kwenye pipa lake. Kwa hiyo juisi yako haijapungua, inakwenda kusikotakiwa.

Sponji haiwezi kazi hii kwa sababu inateleza juu ya matundu bila kuingia. Tafuta brashi ndogo ya nailoni yenye nywele ngumu kiasi, hata mswaki mpya unafaa. Shika kikapu kwenye ukingo, vidole mbali na yale meno, yanakwangua ngozi kama mbuzi wa nazi. Fungulia maji, kisha sugua kutoka nje kwenda ndani. Makapi yaliingia yakitokea ndani, kwa hiyo yasukume yarudi yalikotoka. Ukianza kwa ndani unazidi kuyashindilia. Ukimaliza nje ndipo usugue ndani, halafu urudi dirishani.

Kwa uchafu wa muda mrefu kama wako, loweka kwanza kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo kwa robo saa. Maji yasiwe ya kuchemka, ukingo wa plastiki unaweza kupinda, na ukipinda tu mtetemeko hautaisha. Ukiona bado kuna utando mweupe mgumu, huo mara nyingi ni chumvichumvi za maji, loweka kwenye siki na maji nusu kwa nusu kwa nusu saa, kisha osha kwa sabuni. Siki na dawa yenye klorini zisikutane kabisa kwenye beseni moja, hewa inayotoka ni ya sumu.

Baada ya hapo, tabia ya kila siku. Ukishatumbukiza karoti ya mwisho, usizime. Mimina glasi ya maji taratibu kwenye bomba la kuingizia, chombo kikiwa tayari chini ya mdomo wa juisi, uyaache yapite. Zima, chomoa plagi, subiri kikapu kisimame kabisa, fungua, peleka wavu moja kwa moja bombani. Mimi naosha wavu kabla sijanywa. Makapi mabichi yanaondoka kwa dakika moja. Na siku ukichelewa kweli, tumbukiza wavu kwenye beseni la maji uondoke nalo likiwa hivyo. Usiuache mkavu, hilo tu.

Kuhusu rangi: sabuni na maji peke yake haviwezi kwa sababu rangi ya karoti huyeyuka kwenye mafuta, siyo kwenye maji. Chukua kitambaa, weka mafuta ya kupikia kidogo, pangusa ile plastiki yote na uiache dakika kumi. Utaona kitambaa kinageuka njano. Kisha osha kwa sabuni kuondoa mafuta. Kinachobaki kianike juani, jua huifubaza ile rangi. Bitiruti inatisha kwa wekundu wake lakini hiyo huyeyuka kwenye maji, haikusumbui.

Harufu ya kuchacha itafute mahali ambapo huoni. Kama mashine yako ina mpira wa kuzibia, uvue. Geuza mfuniko utazame mikunjo yake kwa chini. Ingiza brashi nyembamba ndani ya mdomo wa kutolea juisi. Moja kati ya sehemu hizo itakuwa na utelezi mweusi. Na usiifunge mashine ikiwa na maji, acha kila kipande kikauke peke yake.

fundi_mota

Dada hapo juu amemaliza upande wa wavu. Mimi natengeneza vyombo vya umeme vya nyumbani, niongeze upande wa mtetemeko, maana huo usiuchukulie kirahisi.

Ndugu karoti_nne, acha kuiwasha hadi uangalie mambo haya. Kikapu kinachozunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika kinatakiwa kiwe na uzito sawa pande zote. Donge dogo la makapi makavu upande mmoja linatosha kukitikisa chote. Angalia chini ya ukingo, na kwa nje pia. Kisha angalia kama kikapu kinakaa mahali pake: ukikiweka kwenye mhimili kibonyeze kwa mikono miwili, ukizungushe kwa mkono taratibu. Kikiyumba juu na chini, hakijakaa au kimepinda. Mara nyingine juisi iliyokauka kwenye mhimili ndiyo inayokizuia kushuka, sukari ikikauka inakuwa gundi kweli.

La tatu ndilo ninalolihofia zaidi: ufa. Pale wavu unapoungana na ile sahani ya meno, na pale unapoungana na ukingo. Jicho linaweza kupitwa. Chukua kipande cha pamba kikavu, kipitishe taratibu kwenye maungio yote, ndani na nje. Penye uzi wa chuma uliokatika pamba itanasa. Ikinasa mahali hata pamoja, kikapu hicho kimekwisha. Usikichomelee, usikigundishe. Kwa kasi ile kikipasuka vipande vinaruka. Tafuta kikapu kipya cha aina ileile ya mashine, huhitaji kununua mashine nzima.

Kuhusu makapi kulowa, wavu ulioziba ni sababu moja. Nyingine ni mkono wako. Watu wengi wanatia karoti mashine ikiwa imezimwa, halafu wanawasha. Washa kwanza, acha ishike kasi, ndipo utie, na usukume taratibu kwa kile kisukumio chake. Ukishindilia, karoti inapita kabla haijasagika vizuri. Tunda laini liende kwa kasi ya chini, karoti na tufaha kasi ya juu. Kidole au kijiko kisiingie kwenye bomba la kuingizia hata kama karoti imekwama: zima, chomoa, fungua.

Geuza mashine usome kibandiko cha chini. Kwenye mashine nyingine utakuta herufi KB na idadi ya dakika, huo ndio muda wa juu wa kuiendesha mfululizo kabla ya kuipumzisha. Kama huna kibandiko, kitabu chake kinasema. Nyingi huzimika zenyewe zikipata joto kupita kiasi. Ikizimika hivyo usiibonyeze bonyeze, chomoa uiache ipoe.

Na lile umbo la chini lenye mota ni la kufuta kwa kitambaa kilichokamuliwa, basi. Nimeshaletewa mashine nzuri kabisa zilizooshwa chini ya bomba pamoja na mota yake. Ukifungua unakuta swichi imeota kutu na nyaya zimelowa. Zile sikuweza kuziokoa.

skrubu_taratibu

Mimi nilihama kutoka kwenye hizo za kasi, sasa natumia ile yenye skrubu inayokamua polepole. Makapi yanatoka makavu zaidi, povu ni kidogo na kelele imepungua sana. Lakini nisikudanganye, nayo ina wavu, na wavu ule ukikauka unasumbua vilevile. Vipande vya kuosha ni vingi kuliko vya kwako. Kama sababu yako ya kubadilisha ni uvivu wa kuosha, usibadilishe.

Tangawizi nayo ikate vipande vyembamba kukingama nyuzi zake. Ukitia kipande kirefu nyuzi zinajiviringisha kwenye meno, na hizo ndizo zinazoshika uchafu mwingine.

karoti_nne

Nimerudi na majibu, na kwanza nawashukuru kwa dhati.

Jumamosi nilikwenda dirishani. Mkanda mweusi upo, kama ulivyoeleza dada, ila wa kwangu ulikuwa mpana zaidi, karibu nusu ya wavu. Niliumia, kwa sababu nimekuwa nikisugua kitu kile kila jioni. Chini ya ukingo upande mmoja nilikuta donge lenye ukubwa wa kucha ya dole gumba, gumu kama gome la mti. Nililoweka mara mbili ndipo likaachia. Fundi, nilipitisha pamba kwenye maungio yote, ndani na nje, mara tatu kwa sababu niliogopa. Haikunasa popote.

Nikasugua nje kwenda ndani. Ule uchafu ulitoka kama vijinyuzi vidogo vidogo vya rangi ya chungwa, vinaanguka ndani ya kikapu. Nilirudi dirishani mara nne, kila mara mkanda unapungua.

Jumapili nikajaribu: karoti nne na tufaha moja, kama kawaida. Glasi ileile iliyokuwa inafika nusu ilijaa hadi karibu na ukingo. Makapi nikiyafinya yanamomonyoka, hayachuruziki. Na mashine ilikaa pale pale nilipoiweka. Mama alisikia mlio akauliza kama nimenunua nyingine.

Harufu ilikuwa kwenye mdomo wa juisi, ndani kabisa. Mafuta ya kupikia yameondoa rangi nyingi, nyingine nimeianika.

Nina swali moja limebaki. Mama kuna siku anachelewa kuamka na mimi lazima nitoke. Nikimwachia juisi mezani anakuta imekuwa kahawia na imejitenga, maji chini, povu juu. Je, imeharibika?

jiko_la_kila_siku

Nimefurahi kweli, hasa kwa mama.

Kujitenga siyo kuharibika, akoroge tu. Ukahawia unatokana na tufaha kukutana na hewa, ni kama vile tufaha ulilokata ukaliacha kwenye sahani. Kamulia limau kidogo humo mara tu inapotoka, asidi yake inachelewesha ile rangi. Kisha usimwachie kwenye glasi. Chukua chupa ndogo safi, ijaze hadi shingoni kusibaki nafasi ya hewa, funga, weka kwenye friji yenye baridi ya nyuzi 4 au chini yake, ainywe siku hiyohiyo.

Mezani usimwachie. Juisi ya nyumbani haijachemshwa, vijidudu vikipata saa kadhaa za joto vinaongezeka, na mtu mwenye umri mkubwa mwili wake haupambani navyo kama wako. Kwa sababu hiyohiyo karoti zisugue kwa brashi chini ya maji kabla ya kuzitia, hata kama unazimenya, maana kisu hubeba udongo wa ganda na kuuingiza ndani. Brashi hiyo isiwe ile ya wavu.

karoti_nne

Sawa dada. Leo nimejaza chupa mbili ndogo hadi shingoni, limau ndani, zipo friji. Wavu nimeuosha kabla sijanywa na brashi yake nimeitundika pembeni ya bomba. Nikitoka nimeuacha dirishani unakauka.