Naomba ushauri: togwa inachachuka kupita kiasi kwa joto la Lindi

Wadau, shikamooni wakubwa. Togwa hii ni ya kuuza Lindi mjini, na sharti imfikie mnywaji ikiwa na bakteria hai.

Unga wa mtama gramu 100 kwa maji lita 1, unapikwa dakika 20. Uji ukipoa hadi nyuzi 40 (kidole kinavumilia), unatiwa kimea cha ulezi vijiko 2 na togwa ya jana mililita 100. Ukiwa bado wa moto sana, vimeng'enya vya kimea vinaharibika, uji haulegei, na bakteria wa togwa ya jana wanakufa. Hapo hakuna tatizo.

Tatizo ni Novemba na Desemba. Ndani ya saa 10 tu uchachu umezidi, kesho yake inanuka pombe; hamira imeshaingia. Kuchemsha upya kunaizuia, ila bakteria wote wanakufa, unabaki na uji mchachu. Friji hakuna.

Je, nipunguze togwa ya jana iwe mililita 30, au niweke mtungi kwenye mchanga uliolowa maji?

La pili ni chujio. Bakteria wa togwa ni wapita njia, wengi hawahamii tumboni. Wenyeji wa utumbo mpana wanaishi kwa nyuzinyuzi, na asidi wanazotengeneza ndizo chakula cha ukuta wa utumbo. Wateja wanataka laini. Nikichuja, pumba zinakwenda kwa kuku. Mnaosaga mtama bila kukoboa, mnatumia chekeche la namna gani?